Mizunguko Miwili

Kwenye mdomo wa lenzi kuna hesi, ile mistari myembamba ya kufungia kichujio. Mafundi huziita thredi. Kwenye lenzi ya kichujio cha milimita 52, kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni milimita 0.75 tu. Lenzi ikianguka kifudifudi, kioo kinaweza kupona bila mkwaruzo, lakini pete ya mbele ikibonyea kidogo, kichujio hakishiki tena.

Nikkor ya baba ya milimita 50 ilianguka harusini kabla sijaanza shule. Hakuhangaika nayo. Kioo kizima, alisema, na bwana harusi hajali kichujio. Akaitumia hivyohivyo mpaka alipofunga studio na kunipa.

Mimi ndiye niliyekuja kuzihitaji hizo hesi. Utafiti wangu wa uzamili unahusu picha za studio zinazotundikwa sebuleni Tanga, na karibu zote zimo kwenye fremu za vioo. Ukipiga bila kichujio cha polaraizi, unapata dirisha, taa na sura yako mwenyewe juu ya bibi harusi. Ukisimama upande na kukizungusha taratibu, mng'ao unafifia, watu wanatokea. Kuzitoa kwenye fremu siombi. Nyingine zimegandana na kioo, ukivuta unabaki na nusu ya bibi wa watu.

Fundi wa Kariakoo aliigeuzageuza lenzi kwenye mwanga. "Dada, hii ni alumini. Imeshakunjika mara moja. Tukiinyoosha, inaweza kupasuka."

Lenzi nyingine sikuwa nayo, hela ya kununulia pia sina, na safari ilikuwa keshokutwa. Nikampigia baba. "Si nilishakupa? Ni yako," alisema, kisha akanyamaza kwa muda ambao sikuupenda.

Kuna kifaa maalumu cha kazi hii, chenye taya mbili za mviringo zinazosukumwa nje kwa skrubu. Fundi alikuwa na kipande cha mninga alichokichonga kufuata mviringo wa pete, na nyundo ya mbao. Alifunika kioo kwa kitambaa, akagonga kutoka ndani kwenda nje, polepole hadi nikachoka kutazama. Kila baada ya kugonga mara mbili tatu alijaribu pete ya kichujio kikuukuu kisicho na kioo. Aliizungusha kwanza kinyume mpaka ikadondokea mwanzo wa hesi, ndipo akaifunga. Ukianza kwa kuifunga tu, inapanda upande na kukata hesi zilizokuwa nzima.

Aliacha wakati pete bado ina ubapa unaoonekana kwa macho. Mimi ningeendelea.

Kichujio changu kiliingia mizunguko miwili, kikakaza.

"Miwili inatosha," baba alisema kwenye simu. "Sasa usikitoe." Halafu akaniuliza kama nyumba za Ngamiani zimo kwenye orodha yangu. Kuna mama mmoja pale, alisema, picha ya sebuleni kwake aliipiga yeye, kwa lenzi hiyohiyo.