Inchi mbili za kwenda Engaruka

Jumamosi asubuhi, Unga Limited jijini Arusha huamka kwa nyundo na mashine za kuchomelea. Magari ya utalii yaliyotoka porini yamepangwa pembezoni mwa barabara yakiwa na vumbi hadi kwenye bawaba za milango. Yanabadilishiwa shokapu, bushi na springi kabla ya wageni wengine kufika. Katikati yao imesimama Prado ya familia, toleo la miaka ya 1990. Nyuma ina kiti cha mtoto, na sakafuni kuna ganda la biskuti.

Mwenye gari ni baba wa watoto wawili. Anataka linyanyuliwe inchi nne.

Ana sababu. Mvua za masika zilizopita, familia ilikuwa ikitoka Engaruka kumsalimia bibi. Kwenye korongo moja tumbo la gari likakaa juu ya jiwe. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa na homa, na walikuwa wanamkimbiza hospitali. Walikaa pale saa tatu, mama akimkanda mtoto kwa kitambaa cha maji, hadi vijana wa ng'ombe walipokuja kuwasukuma. Mtoto alipona, lakini baba hajasahau.

Fundi anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anamuuliza: "Kaka, siku za kawaida gari hili linabeba nini?"

Jibu ni kwamba Jumatatu hadi Ijumaa linabeba watoto wawili na mabegi ya shule. Mizigo mizito huja mara nne au tano kwa mwaka.

Swali hilo ndilo linaloamua springi. Springi ngumu zilizotengenezwa kwa gari linalobeba mzigo kila siku, zikifungwa kwenye gari tupu, hurusha abiria kwenye kila tuta. Mjamzito, mtoto mchanga na mzee mwenye maumivu ya mgongo ndio huumia kwanza. Springi laini nazo hulala gari likijaa, na kimo kilicholipiwa hupotea siku kinapohitajika.

Kisha anaeleza kwa nini inchi nne ni nyingi. Mbele ya Prado hiyo kila gurudumu lina mkono wake na springi yake. Ukiinua mno, ekseli za mbele hukaa kwa pembe kali, sivijointi huchakaa mapema na mpira wake hupasuka. Mipira ya breki nayo huvutika gurudumu linaposhuka shimoni. Juu ya yote, uzito wa gari hupanda. Gari refu kwenda juu hupinduka kwa urahisi zaidi dereva akikata kona ghafla kukwepa mbuzi.

Kuna njia ya bei nafuu: vipande vya chuma au plastiki ngumu vinavyowekwa juu ya springi ya zamani. Gari hupanda, lakini springi iliyochoka hubaki imechoka, na shokapu haipati nafasi zaidi ya kufanya kazi. Fundi havikatai kabisa, ila kwa njia ya mawe anashauri springi na shokapu mpya zilizotengenezwa kwenda pamoja.

Wanakubaliana inchi mbili, yaani karibu sentimita 5.

Kabla ya kufungua nati yoyote, fundi anapima kwa futi kamba kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi, na anaandika namba nne kwenye karatasi. Gari linakaa juu ya stendi za chuma, si juu ya jeki peke yake. Mtoto mkubwa anasogea kuangalia springi ya mbele ikikandamizwa na fundi anamrudisha kwa sauti kali. Springi iliyokandamizwa ikichomoka inaweza kuua.

Nati za bushi hazikazwi hadi mwisho gari likiwa bado hewani. Linashushwa kwanza likae kwa uzito wake, ndipo zinakazwa, vinginevyo mpira wa bushi hubaki umejikunja na kupasuka mapema. Jioni namba zinapimwa tena. Halafu kunafuata kunyoosha magurudumu kwa mashine, kushusha mwanga wa taa usiwapofushe wanaokuja mbele, na ahadi ya kurudi baada ya kilomita 500 kukaza nati upya.

Mama watoto amefika kuchukua familia. Anazunguka gari na kusimama mbele ya boneti. "Nikiwa kwenye usukani, mdogo akisimama hapa nitamuona?"

Wanajaribu. Kichwa cha mtoto hakionekani. Kilikuwa kikionekana kwa shida hata kabla, na sasa hakipo kabisa. Fundi anakiri kwamba wateja wengi hawaulizi hilo. Nyumbani inawekwa sheria: injini haiwashwi mpaka watoto wote wawe ndani au wameshikwa mkono na mtu mzima. Inaongezwa pia ngazi ya pembeni, maana bibi ana magoti mabovu na mlango umepanda.

Wiki mbili baadaye wanaondoka alfajiri. Lami inawafikisha Makuyuni, kisha Mto wa Mbu, ambako wananunua ndizi nyekundu. Hapo wanaingia njia ya kaskazini, takribani kilomita 60 chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Vumbi, mawe meusi ya volkano, punda wenye madumu ya maji. Baba amepunguza upepo kidogo kwenye matairi, na mtoto mdogo amelala kwenye kiti chake. Jiwe lililowakwamisha masika linapita chini bila kugusa, ingawa baba anajua kwamba difu la nyuma halikupanda hata kidogo. Springi huinua bodi, ila difu la nyuma huinuliwa na tairi kubwa tu. Kwa hiyo bado anachagua pa kukanyaga.

Korongo la mbele yake lina maji. Mvua imenyesha juu milimani, na maji ya kahawia yanakimbia. Mtoto mkubwa anashangilia: si gari limenyanyuliwa?

Baba anazima injini. Maji yanayokimbia yakifika sentimita 60 yanaweza kubeba hata gari kubwa, na inchi mbili hazibadilishi hesabu hiyo. Mama anafungua chupa ya chai na ndizi zinagawanywa. Ng'ambo ya korongo pikipiki mbili nazo zimesimama.

Saa mbili baadaye mawe ya chini yanaanza kuonekana. Kijana mmoja wa pikipiki anavuka kwanza kwa miguu, maji yakiwa chini ya magoti yake. Ndipo Prado inawashwa.

Bibi amewawekea ugali. Anashika ngazi mpya, anapanda, anakaa kiti cha mbele, anashuka tena. Anasema safari hii atakwenda nao Arusha kliniki.