Jibu la Babu Nililolifuta

Insha yangu ya mwaka wa tatu chuoni ilipata A, na ndani yake mna uongo. Si wa tarehe wala wa jina. Nilimtungia babu yangu mzaa baba fikra ambazo hakuwa nazo, nikazifuta zile alizokuwa nazo.

Wakati ule nilikuwa nimelewa maandishi ya Alexis Kagame. Padri huyo Mnyarwanda alitoa mwaka 1956 kitabu juu ya falsafa ya Kibantu ya Rwanda, akidai kwamba lugha yenyewe imeyagawa yote yaliyopo katika mafungu manne: umuntu, chenye akili; ikintu, kisicho na akili; ahantu, mahali pamoja na wakati; na ukuntu, namna. Fungu la tatu ndilo lililonipagawisha. Mahali na wakati, fungu moja! Kwetu Kaisho, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, Rwanda ni jirani, ng'ambo ya Mto Kagera tu, na Kinyambo chetu kina omuntu, ekintu na ahantu vilevile. Jibu nikawa nalo tayari. Kilichobaki ni mzee wa kulisema.

Mzee alikuwepo nyumbani. Likizo ile iliangukia msimu wa kahawa, na jioni tulikaa kibanjani, shambani mwetu, pembeni ya turubai la kuanikia, yeye na rubisi, pombe yake ya ndizi, mimi na daftari. Babu alisoma hadi darasa la nne tu, lakini kuuliza aliweza. Aliniuliza: nikifumba macho, kibanja kinachobaki kichwani mwangu kiko wapi? Kimo ndani ya kichwa, na kichwa nacho kimo ndani ya kibanja? Aliniuliza kama ng'ombe akiwa peke yake malishoni anajua kwamba yupo, au anajua majani tu. Hayo niliyaandika harakaharaka, kama mtu anayezungumza na mgeni huku sikio liko kwenye honi ya basi.

Kisha nikamtupia la kwangu. "Babu, si kweli kwamba kwetu mahali na wakati ni kitu kimoja?" Swali lililokwisha kujijibu.

Babu akacheka. "Hapana, msomi wangu. Murongo na jana si kitu kimoja. Nikisahau mwavuli Murongo, nitaurudia."

Sentensi ile ilikuwa na uzito kuliko insha yangu yote. Mahali panaruhusu kurudi, wakati hauruhusu. Hata Hermann Minkowski, aliyeviunganisha viwili hivyo kihesabu mwaka 1908, alilazimika kuupa wakati alama tofauti na ya mahali. Mimi sentensi ile ya babu nikaikata kwa kalamu. Kwenye insha nikaandika: "Wazee wa Kinyambo wanaamini kwamba mahali na wakati ni kitu kimoja." Mzee mmoja akawa wazee, na hapana yake ikawa ndiyo yao.

Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata jioni ileile. Kwa kujionyesha tu, nilimwambia kwamba mwanga wa jua huchukua kama dakika nane kutufikia. Akanyamaza. Halafu akauliza: basi jua la sasa hivi liko wapi, na nani analiona? Kumbe alikuwa anasogea mwenyewe kuelekea pale nilipotaka kumburuta, kwa njia yake, na huenda angeirudia hoja ya mwavuli na kuipindua. Sikumfuata. Daftari nilikuwa nimeshalifunga.

Baadaye sana nilisoma kitabu cha safari cha John Hanning Speke, aliyefika kwa Mukama Rumanyika, mfalme wa kwetu Karagwe, mwishoni mwa 1861. Anasimulia kwamba Rumanyika alitaka kujua kama jua la leo ndilo lile la jana, au kila siku huja jipya. Zamani ningemsuta Speke kwa mengi, na mengine anastahili. Ila swali la mwenyeji wake aliliacha likiwa swali.

Insha ilizunguka. Binamu yangu aliipata, akamsomea babu kwa Kinyambo. Babu akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Huyo mzee ni wa wapi?" Alipoambiwa ni yeye, akasema nikija likizo nimlete huyo mzee waongee.

Nilikwenda. Sikugusa habari hiyo, naye kwa adabu yake hakuniuliza. Tulizungumza bei ya kahawa. Mwaka uliofuata tulimzika.

Mhadhiri wangu bado anaigawa insha ile kwa wanafunzi. Juzijuzi nimemwandikia nikaeleza yote, nikamwambatishia picha ya ukurasa wenye sentensi iliyokatwa. Amenijibu kwa upole kwamba kauli ya mzee mmoja haitoshi kukanusha. Nikamuuliza ilitoshaje kuthibitisha. Hajajibu.