Figo la Pacha

Richard Herrick alikuwa ametumika katika kikosi cha Walinzi wa Pwani wa Marekani, na maradhi ya mafigo yalimkuta angali kijana. Ndugu yake pacha, Ronald, naye alikuwa ametoka jeshini. Mwishoni mwa mwaka 1954, wakiwa na umri wa miaka 23, walilazwa katika hospitali moja mjini Boston, mmoja akikaribia kufa na wa pili akiwa mzima kabisa.

Madaktari walijua kwamba mwili hukikataa kiungo cha mtu mwingine, kama mlinzi wa lango amkataavyo mgeni asiye na kibali. Mapacha wa yai moja tu ndio waliotumainiwa kupokeana. Kipande cha ngozi ya mmoja kilibandikwa kwa mwenziwe, kikashika. Hata polisi walihitajiwa, maana alama za vidole vya ndugu hao zilichukuliwa zipate kulinganishwa. Usiku wa kuamkia upasuaji Richard alimwandikia nduguye aondoke arudi nyumbani. Ronald akamjibu kwamba haendi popote.

Tarehe 23 Desemba Dakta Joseph Murray na wenzake walilipandikiza figo hilo, likaanza kazi papo hapo. Richard akapata nguvu, akamwoa muuguzi aliyemtunza, wakajaliwa watoto wawili.

Wasimulizi wengi huishia hapo, na si haki kwa jamaa za wagonjwa. Mwili wa Richard haukulikataa figo la nduguye, lakini maradhi yale yale yaliyoharibu mafigo yake yalirudi, yakalishambulia na hilo alilopewa. Alifariki mwaka 1963, baada ya miaka minane.

Asiye na pacha ana vita vya ziada. Dawa za kuituliza kinga ya mwili, zilizoanza kufaulu mwaka 1962, humezwa kila siku na kwa saa zake, maadamu figo linafanya kazi. Askari hupewa likizo. Dawa hizi hazina likizo. Kinga iliyotulizwa huwa dhaifu pia mbele ya vijidudu, hivyo homa ya mgonjwa huyo haingojewi mpaka kesho. Baadhi ya dawa hizo huleta kisukari au kupandisha shinikizo la damu, na hatari ya saratani, hasa ya ngozi, huongezeka. Tena figo laweza kuanza kukataliwa pasipo maumivu yoyote, mgonjwa akila na kucheka na wanawe. Kipimo cha damu ndicho kinachotangulia kusema. Kwa hiyo mke au mume anayemwona mwenzake ana afya njema, akamruhusu kuruka dozi ili dawa zisiishe upesi, humponza bila kujua.

Na yule aliyetoa? Watu humsahau haraka. Ronald alifundisha hisabati, akaishi na figo moja kwa miaka 56, hadi Desemba 2010, alipofariki akiwa na umri wa miaka 79.