Msitu wa Karura na Mito Yake

Ndani ya mji wa Nairobi mna nchi iliyo wazi, isiyojengwa nyumba wala kulimwa mashamba, na ukubwa wake ni hekta 1,041, yaani ekari zaidi ya 2,500. Jina lake ni Karura. Watu wengi huipita kila siku kwa gari katika njia ya Limuru au njia ya Kiambu, wasione ila miti. Leo twapenda kuwatembeza ndani yake, na kuwaeleza jinsi ilivyookoka, maana ilikuwa karibu kupotea mbele ya macho ya watu.

Ukiingia kwa lango la upande wa Limuru, kelele za magari hufifia nyuma yako kidogo kidogo. Njia ni ya udongo mwekundu. Wapita katikati ya mikaratusi mirefu iliyonyoka, iliyopandwa zamani za wakoloni ili zipatikane kuni za gari moshi. Mbele yake waiona miti ya asili: mizeituni ya mwitu, na mihugu ambayo mbao zake ngumu hupendwa sana na wachonga vinyago. Mna mianzi pia, na ziwa dogo lenye mayungiyungi. Ukisimama kimya, huenda ukamwona paa akivuka njia, au mbega weusi kwa weupe wakiruka matawini. Mbega hao walikuwa wametoweka hapa, hata wakaletwa tena kutoka nchi ya Nyandarua katika miaka ya baada ya 2010.

Lakini jambo kubwa la Karura ni maji. Mito yapita humo: Ruaraka, Karura, Gitathuru na Thigiri. Mto Karura hufika penye mwamba, ukaanguka chini kwa kishindo, na karibu na maporomoko hayo mna mapango, ambayo yasemwa kwamba wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo katika miaka ya 1950. Wala maji hayo hayaishii hapo. Hushuka mpaka mto wa Nairobi, na Nairobi huingia Athi. Na Athi ukipita nyikani huitwa Galana, na ukikaribia pwani huitwa Sabaki, kisha humwagika baharini kaskazini ya Malindi. Mvuvi wa Malindi aonapo bahari imegeuka nyekundu wakati wa mvua, aona udongo wa bara uliochukuliwa na mto. Basi mtu wa bara na mtu wa pwani ni majirani, ijapokuwa hawajuani.

Tena yafaa tufahamu kazi ya nchi kama hii. Mvua inyeshapo msituni, hupokewa na majani, ikadondoka polepole juu ya majani makavu, ikazama ardhini. Ardhi huyaweka yale maji, ikayatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Lakini mvua inyeshapo juu ya mabati na lami haina pa kuzama. Hukimbia yote kwa mara moja mpaka mabondeni, ambako mara nyingi ndiko wakaako maskini. Katika miezi ya Aprili na Mei 2024 watu wa Nairobi waliuona msiba huu, mafuriko yalipobomoa nyumba na kuua watu, hasa katika mabonde kama lile la Mathare. Sisemi kwamba msitu mmoja waweza kuzuia mafuriko yote ya mji. Lakini kila nchi iliyo wazi inayogeuzwa lami huongeza maji kwa yule akaaye chini.

Sasa sikilizeni habari ya hatari iliyoupata. Serikali ya kikoloni iliutangaza Karura kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na baada ya uhuru ukakaa hivyo. Lakini mwaka 1998 ikajulikana kwamba sehemu kubwa zimegawiwa kwa siri watu na makampuni, ili zijengwe majumba. Miti ilianza kuangushwa. Nao waliogawana walikuwa na hati mikononi, na wale waliotaka kuwazuia hawakuwa na hati yo yote.

Aliyesimama mbele alikuwa Bibi Wangari Maathai, pamoja na wanawake wa chama cha Green Belt Movement, alichokianzisha mwaka 1977. Silaha yao ilikuwa miche. Walikwenda kupanda pale palipokatwa, nao waliungwa mkono na wabunge na wanafunzi wa chuo kikuu. Tarehe 8 Januari 1999 walifika langoni kupanda mti mmoja tu. Wakashambuliwa na kundi kubwa la walinzi wenye silaha, na Bibi Wangari akapigwa kichwani hata damu ikamtiririka. Hakwenda kwanza hospitali, bali kituo cha polisi kushitaki. Na alipoandikiwa taarifa yake, alitia alama kwa damu yake mwenyewe. Tarehe 16 Agosti mwaka ule ule, Rais Moi alitangaza kwamba ugawaji wa ardhi za watu wote ukomeshwe. Karura ukabaki.

Hata hivyo, kuokoka si kutunzwa. Kwa miaka mingi baadaye watu waliogopa kuingia humo, kwa kuwa mlikuwa na wanyang'anyi, na miti iliendelea kukatwa. Sheria ya misitu ya mwaka 2005 ndiyo iliyofungua mlango: iliwapa wenyeji ruhusa ya kuunda jumuiya na kuutunza msitu pamoja na serikali. Majirani wa Karura wakaunda jumuiya yao, matajiri wa mitaa ya karibu pamoja na maskini wa kijiji cha Huruma. Wakachanga fedha, wakazungusha waya wa umeme, na vijana wa Huruma wakaajiriwa kuwa walinzi. Mwaka 2011 msitu ulifunguliwa tena kwa wote. Mahali palipokuwa pa hofu pakawa pa watoto kukimbia na wazee kupumzika.

Kazi hiyo haijaisha. Mwaka 2025 yalizuka mabishano makali kati ya shirika la serikali la misitu na ile jumuiya, juu ya nani apokee ada za langoni. Tena mito yaingia msituni ikiwa imekwisha kuchafuliwa na mitaa ya juu, na hakuna waya uwezao kuuzuia uchafu uelea majini. Mwenye kukaa juu ya mto asipofanya sehemu yake, mlinzi wa katikati hufanya kazi bure.

Ninyi walimu, siku mvua inyeshapo watoeni watoto nje, mkaufuate mfereji wa uwanja wa shule mpate kuona maji yaendako: kijito gani, mto gani, na nani anywaye huko chini. Na ninyi wazazi, ulizeni habari za kile kiwanja kitupu kilicho kando ya kijito chenu: ni cha nani, na kimeandikwa kwa jina gani. Ulizeni mapema, kungali na majani juu yake, kwa maana maji yakimwagika hayazoleki. Watu wa Karura waliuliza shoka lilipokwisha kuanza kazi, na jibu lilitolewa kwa damu.