Huku na Kule

Kuna nguvu ya kuvuta, kuna ya kukandamiza, halafu kuna hii ya mkasi: mbili zinapishana, moja huku, nyingine kule, na kitu kimebanwa katikati. Gereji ninakoshinda tangu nimalize kidato cha nne, hiyo ndiyo inayokata bolti.

Chuma hakikubali mara moja. Ukikisukuma kidogo kinalala upande, ukikiachia kinarudi. Ukizidisha, matabaka ya atomu yanateleza, na hapo hakirudi tena. Mwaka 1934 Taylor, Orowan na Polanyi, kila mtu kivyake, walieleza kwamba hayatelezi yote kwa mpigo. Kasoro ndogo ndiyo inayosogea hatua kwa hatua, kama mtu anavyosukuma kunjo la zulia zito badala ya kuliburuta zima.

Baba yangu anasema, "Mwanangu, hadithi hazinunui unga." Nami nina riwaya, kurasa 90 sasa. Yeye huku, riwaya kule. Mchana nalala upande wake, natii, nashika spana. Usiku nikiachiwa, narudi kwenye daftari. Mpaka leo bado narudi, bwana. Hilo tu ndilo ninaloliangalia kila usiku.