Mashine Izimikayo

Aghalabu mtu akiangushwa na chombo chake hukikasirikia kabla ya kukiuliza. Mpini wa jembe ukivunjika, husema mti ulikuwa mbovu. Taa ikizimika, husema mafuta yalichanganywa maji. Hasira ya namna hii ni rahisi kwa kuwa haina haja ya fikira, lakini haijapata kutengeneza kitu. Nataka kuwasimulia vijana habari ya mashine ya kuchomelea vyuma iliyokaribia kumfilisi mtu niliyepata kumfundisha, ili waone ya kuwa kosa la chombo ni neno, na kila neno lina maana kwa asikilizaye.

Kijana huyo alijifunza ufundi Thika, mji wa viwanda na mananasi, kisha akafungua karakana ndogo Ruiru. Alikopa fedha katika chama cha akiba akanunua mashine ya MIG. Namna hii ya kuchomelea ilibuniwa Marekani mwaka 1948. Waya mwembamba hutoka wenyewe katika gurudumu, hupita ndani ya bunduki ya kuchomelea, nao huyeyushwa na umeme nchani. Gesi hukizunguka chuma kilichoyeyuka kisiharibiwe na hewa. Kazi yake ni safi na ya haraka.

Alipata kazi ya kuunda madawati 40 ya shule, akapokea arubuni. Siku ya kukabidhi ilipokaribia, mashine ilianza kuzimika. Alichomelea dakika nne, ikanyamaza, akangoja, ikaamka, akachomelea tena, ikanyamaza. Mtengenezaji mmoja alibadilisha swichi ya bunduki, akalipwa, na ugonjwa ukabaki palepale. Jirani alisema mashine ina kisirani. Mwingine alitoa shauri baya kuliko yote: kwamba ndani mna swichi ndogo ikatayo umeme joto likizidi, basi iunganishwe kwa waya isiweze kukata tena. Kijana alikuwa tayari kulifuata shauri hilo, maana deni halina subira.

Mimi si fundi wa vyuma. Lakini katika chuo cha ualimu nilifundishwa jambo lifaalo katika kila karakana: mwanafunzi akishindwa, usimkemee wala usimpe jibu, mwulize kwanza ameshindwa wapi. Nilimsihi aweke bisibisi chini, tukaenda Thika kwa mzee aliyemfundisha kazi.

Mzee aliuliza, "Ikizimika, feni nayo husimama?"

"La, mzee, feni huendelea kuzunguka."

"Taa ya manjano huwaka?"

"Huwaka."

"Na ukingoja?"

"Hurudi baada ya robo saa."

"Basi, mwanangu, umeme haukukatika, wala bunduki haina kosa. Mashine yako imeshikwa na joto."

Tazameni jinsi maswali matatu yalivyofanya kazi ambayo fedha hazikuifanya. Kama feni na taa zote zingalikufa pamoja, kosa lingalitafutwa katika plagi, fyuzi au waya wa umeme. Kama umeme ungalikuwapo na waya wa kuchomelea ukakwama, lingalitafutwa katika ncha ya bunduki na magurudumu yausukumayo waya. Kila dalili hufunga mlango mmoja na kufungua mwingine.

Kesho yake mzee alikuja Ruiru. Kwanza alisoma kibao kilichobandikwa nyuma ya mashine, ambacho kijana hakuwa amekisoma. Kiliandikwa asilimia 30 kwa ampea 150. Maana yake ni kuwa, kwa nguvu hiyo, katika kila dakika 10 mashine ifanye kazi dakika 3 na kupumzika dakika 7. Nguvu ikipunguzwa, muda wa kazi huongezeka.

Kisha aligusa waya mrefu mwembamba ulioleta umeme kutoka ukutani. Ulikuwa umeviringwa, nao ulikuwa na moto. Soketi ya kawaida ya Kenya ni ya volti 240 na ampea 13, yaani wati 3,120. Waya mwembamba hula sehemu ya volti njiani, na mashine ya namna ile ikipungukiwa na volti huvuta ampea nyingi zaidi, ikazidi kupata joto. Mzee aliweka waya mfupi mnene, wala hakubadilisha kitu kingine, ili ajue dawa gani imeponya. Mashine ilidumu dakika sita badala ya nne, ikazimika. Sababu moja ilikuwa imepatikana, lakini haikuwa peke yake.

Ndipo alipochomoa plagi, akangoja, kwa kuwa umeme hubaki ndani kwa kitambo, akafungua ubavu wa mashine. Vumbi jeusi la chuma lilikuwa limeziba njia za hewa kama masizi katika dohani. Mashine ya kusagia vyuma ilikuwa imewekwa karibu, na feni ilivuta kila cheche. Tena Ruiru na Thika ziko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi kuliko hewa ya pwani, nayo huondoa joto kidogo zaidi. Vumbi likapulizwa, mashine ya kusagia ikahamishwa, na kijana akajifunza kuchomelea kwa zamu: dawati hili lichomelewe, lile lipimwe. Haikuzimika tena. Madawati yalichelewa siku mbili, lakini yalifika.

Sasa fikirini kama ile swichi ndogo ingalifungwa. Mashine ingalifanya kazi bila kunyamaza mpaka viungo vyake vya ndani vingeungua, pengine pamoja na karakana. Na deni la chama lingalibaki bila kitu cha kulilipa. Kilichodhaniwa kuwa adui kilikuwa mlinzi.

Katika masomo yenu na kazi zenu mtakutana na mambo mengi yazimikayo katikati. Ulizeni yanazimika lini, baada ya muda gani, na nini hubaki hai. Badilisheni jambo moja kwa wakati mmoja. Someni kilichoandikwa kabla ya kusikiliza kinachosemwa. Wala msimfunge kinywa mlinzi kwa sababu sauti yake inakatiza kazi yenu.