Saa Nne Asubuhi, Siku ya Jumanne

Ilikuwa Jumatatu ya mwisho wa Machi. Mvua ilikuwa imenyesha mara mbili, na huku kwetu Moi's Bridge kila mwenye kipande cha shamba alikuwa mbioni kutafuta mbegu na mbolea. Dada yangu hakuweza kusafiri, maana zamu yake ya trekta ilikuwa imefika. Akanikabidhi bintiye pamoja na bahasha yenye matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, akaniambia, "Wewe ndiwe mjomba wake. Mpeleke akaone. Nikimchagulia mimi, atanilaumu. Akichagua bila kuona, atajilaumu."

Mpwa wangu alikuwa na miaka kumi na minane. Amerithi jina la marehemu mama yangu, ndiyo maana mimi humwita Mama, naye huitika bila kuona ajabu. Alipata B. Alama hiyo yatosha kumwingiza chuo kikuu, kwa kuwa mlango wa digrii hufunguka kwa C+, lakini haikutosha kwa udaktari ambao majirani walikuwa wamemvisha tangu akiwa darasa la nne. Kuanzia Januari alikuwa amepokea ushauri wa kila namna. Mmoja alisema aende Nairobi, kwa kuwa cheti cha Nairobi kinaheshimika. Mwingine akasema asipoteze miaka minne, ashike ufundi. Wote walitaja majina ya vyuo. Sikumsikia hata mmoja akieleza watu hufanya nini humo ndani.

Nililijua vizuri kosa hilo, kwa sababu mimi mwenyewe nilichagua chuo kwa jina. Kilikuwa kikubwa na kilikuwa mbali, na nyumbani walichinja mbuzi niliposafiri. Nilikaa mihula mitatu kabla mwalimu yeyote hajalijua jina langu. Katika mwaka wa pili nikagundua kwamba kozi niliyoijaza kwenye fomu sikuwahi kuielewa, wala sikumjua mtu wa kumwendea. Nilimaliza, lakini nilimaliza nikiwa nimechoka, na uchovu ule ulinichukua miaka kuuponya. Sikutaka umfike mtoto wa dada yangu.

Tukiwa steji, tukisubiri gari la Kitale lijae, maana tungeanzia huko kisha twende Bungoma, nikamwambia, "Mama, kila tutakapofika tutauliza swali moja tu. Saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, mwanafunzi wenu huwa anafanya nini?"

"Kwa nini Jumanne, Mjomba?"

"Kwa sababu siku ya kupokea wageni na siku ya mahafali kila chuo hupendeza. Jumanne haina mgeni. Maisha yako ya chuo yatakuwa Jumanne nyingi zilizofuatana."

Akatoa daftari lake, akaliandika swali juu ya ukurasa mpya.

Gari liliondoka, na punde tukawa juu ya mto Nzoia. Wazee wa hapa bado hupaita Hoey's Bridge, jina la mlowezi Arthur Cecil Hoey aliyetandika magogo juu ya mto huu ili magari ya kukokotwa na ng'ombe yapite. Ng'ambo yake ndiko Trans Nzoia, na jina lenyewe halina maana nyingine ila hiyo: ng'ambo ya Nzoia. Mashamba yalikuwa yamepigwa haro, udongo mweusi umelala wazi kushoto na kulia kwa barabara.

Mpwa wangu aliutazama udongo ule kwa muda, kisha akaniuliza kama naukumbuka mwaka 2017. Niliukumbuka. Ndio mwaka viwavijeshi vilipotuingilia. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, na kila ukichungulia kwenye koo la mmea ulikuta kiwavi. Yeye alikuwa na miaka kumi, akizunguka na kopo la mchanga pamoja na mamake, akitia kidogo katika kila mmea. "Nilikuwa nikijiuliza," akasema, "hawa wadudu wametoka wapi, na kwa nini wanakula huku tu. Hakuna aliyenijibu. Nikaanza kuwachora." Alifungua kurasa za nyuma za daftari. Kulikuwa na michoro ya majani na wadudu, na kando yake mistari ya mashairi aliyoyatunga mwenyewe. Biolojia na Kiswahili ndiyo masomo aliyoyapenda kuliko yote, na kila mshauri alikuwa amemtaka aache moja.

Kitale haina haja ya kujisifu mbele ya mkulima. Katika kituo cha utafiti cha mji huu ndiko mahindi chotara ya Kenya yalikozaliwa. Aina ya 611 ilitolewa mwaka 1964, na babu za mpwa wangu waliokuwa wakipanda mbegu waliyojiwekea darini wakaanza kupanda mbegu ya paketi. Kenya Seed, iliyoanzishwa mwaka 1956, bado ina makao yake makuu hapa. Nilimweleza hayo tukishuka kwenye steji, kwa kuwa nilitaka ajue kwamba mji mdogo unaweza kubadilisha sahani ya nchi nzima. Akaniuliza waliofanya kazi ile walisomea wapi. Sikuwa na jibu, lakini nilifurahi kwamba ameuliza.

Tulianzia Manor House, chuo cha kilimo kilicho nje ya mji. Kilianzishwa mwaka 1984, na tangu hapo kimewafundisha watu kulima eneo dogo kwa undani: kuchimba tuta kwa kina maradufu, kutengeneza mboji, kupanda mimea inayosaidiana, na kujiwekea mbegu. Kijana mmoja alikuwa amepiga magoti kando ya tuta, mikono imejaa udongo hadi viwiko. Mpwa wangu akamsalimu, akauliza swali letu. Kijana akacheka. "Jumanne saa nne? Utanikuta hapa hapa. Isipokuwa mvua ikinyesha, basi utanikuta pale," akaonyesha rundo la mboji. Alimshika mpwa wangu mkono, akauweka juu ya rundo ili ausikie moto wake. Mpwa wangu alishtuka, akaurudisha tena. Tulikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Adhuhuri tulikuwa Kitale National Polytechnic. Humo jibu la swali letu lilisikika kabla hatujauliza: nyundo, mashine ya kukata chuma, sauti ya mkufunzi ikipanda juu ya kelele. Msichana mwenye ovaroli ya buluu, anayesomea umeme, alitueleza kwamba asubuhi zake nyingi huishia karakana, na kwamba alichagua kozi hiyo baada ya kumwona fundi akiwaunganishia stima nyumbani kwao. Alilisema hilo kwa fahari iliyonigusa. Nilimtazama mpwa wangu. Alisikiliza kwa heshima, akaandika, lakini hakuuliza swali la pili. Mtu akiwa mahali pake huwa na swali la pili.

Usiku tulilala kwa jamaa zetu Kitale. Tulipomaliza kula ugali na sukuma, mpwa wangu aliketi karibu nami, akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu Januari. Mwenzake mmoja wa shule alikuwa amepata A. Alikuwa ameomba kujiunga na KenSAP, mradi ule ulioanzia Iten mwaka 2004 kwa juhudi za mwandishi John Manners na mwanariadha Mike Boit, ambao huwatayarisha vijana wenye alama za juu kwenda kusoma Marekani. "Yeye ataenda Marekani, mimi nitaenda Bungoma. Watu watasema nini, Mjomba?"

Sikumjibu usiku ule. Jibu la haraka lingekuwa la kumbembeleza tu, na yeye hakustahili kubembelezwa.

Jumanne tulidamka saa kumi na moja, tukapata gari la kwanza la kwenda Webuye. Tulipita Kiminini, tukavuka Kamukuywa kukipambazuka, na hapo ndipo nilipomjibu. Nilimsimulia habari za Wangari Maathai. Mwaka 1959 mwanasiasa Tom Mboya alifanikisha safari ya ndege ya kwanza, wanafunzi 81, kwenda kusoma Marekani. Mwaka uliofuata Wangari, msichana wa Ihithe, Nyeri, akawa miongoni mwa walioenda. Wala hakupelekwa kwenye chuo kinachotajwa magazetini. Alipelekwa Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha wasichana kilichoendeshwa na masista Wabenedikto katika mji mdogo wa Atchison, jimbo la Kansas, kando ya mto Missouri, katikati ya nchi ya wakulima.

"Kama Moi's Bridge," akasema.

"Kama Moi's Bridge. Na vyuo vya namna ile havikulazimishi kuacha kimoja ndipo ushike kingine. Unasoma sayansi, lugha, historia, dini, kisha unazama katika lile lililokuita. Wangari alizama katika biolojia, na kando yake akasoma kemia na Kijerumani. Alimaliza mwaka 1964."

"Mwaka wa mahindi ya 611."

Nilikuwa sijaliona hilo. Nilinyamaza kidogo, kisha nikaendelea. Alirudi nyumbani, mwaka 1977 akaanzisha vuguvugu la Green Belt, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi iliyoanzia kwenye miche. "Mama, ukiniuliza, hakufaulu kwa kuwa ni Marekani. Chuo kilikuwa kidogo, masista wale wakamjua. Hilo la kujulikana ndilo nataka tukalitafute Bungoma. Tukilikosa, tutarudi nyumbani bila kuona haya, tutafute kwingine."

Karibu na Webuye nilimwonyesha upande yaliko maporomoko ya Nabuyole. Maji yanayoanguka pale ni ya Nzoia yetu, yaliyopita chini ya daraja letu kabla ya kushuka hadi huku, na yataendelea mpaka ziwani. Alishusha kioo cha dirisha, akatazama upande ule mpaka tulipopita.

Kutoka mjini Bungoma tulishika barabara ya Chwele hadi Chuo Kikuu cha Kibabii. Hapa palikuwa chuo cha ualimu wa diploma. Mwaka 2011 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na Novemba 2015 kikapewa hati yake chenyewe. Ni chuo kichanga. Mpwa wangu amekizidi umri. Tulifika langoni saa nne ikikaribia, siku ya Jumanne.

Hatukuwa na haja ya kuuliza. Tuliingia, tukatazama. Wengine walikuwa wakitoka darasani, wengine wameketi chini ya mti na makaratasi, wawili wakibishana kwa Kibukusu na Kiswahili kuhusu mchoro wa seli. Mpwa wangu aliwasogelea hao wawili. Walikuwa wanafunzi wa ualimu wa sayansi. Aliwasalimu, akafungua daftari, kisha akaliacha swali langu na kuuliza la kwake:

"Mkikosa kuelewa kitu, mnamwendea nani?"

Mmoja hakufikiri hata kidogo. Alitaja jina la mwalimu, akanyoosha kidole kwenye mlango, akasema, "Yule. Kama hayuko, subiri, atarudi. Anatujua." Kisha akamuuliza mpwa wangu anatoka wapi, anapenda nini, akamvuta aketi. Nilirudi nyuma, nikasimama kivulini. Walipofika kwenye michoro ya viwavi, vichwa vitatu vilikuwa vimeinama juu ya daftari moja. Alipowauliza kuhusu mashairi, wakamwambia mwalimu mzuri wa biolojia vijijini ni yule anayeweza kuieleza kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, kwa hiyo Kiswahili chake asikitupe.

Tukirudi, tulipiga hesabu, maana moyo ukishachagua, mfuko nao lazima uulizwe. Mwaka 2023 serikali ilianza kupima uwezo wa kila nyumba inayoomba msaada, ndipo igawe karo baina ya ufadhili, mkopo na kile ambacho mzazi atatoa. Tuliandika kodi ya chumba, chakula, nauli ya kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, na magunia ambayo mamake angeweza kuuza bila kubaki na ghala tupu. Kuwa karibu na nyumbani kulipunguza hesabu ile sana. Dada yangu alipoisoma usiku, aliuliza jambo moja tu: "Umechagua wewe au mjomba?"

"Mimi, Mama. Mjomba aliuliza swali lake, na mimi langu."

Ijumaa tulienda saiba. Mbele ya tovuti ya KUCCPS, inayowapangia wanafunzi vyuo, aliweka Kibabii kwanza, ualimu wa sayansi. Nafasi zilizobaki alizijaza kwa umakini ule ule, kwa sababu kuchagua hakumaanishi kupewa, na tulikuwa tumelizungumza hilo waziwazi. Alipobonyeza kitufe cha kutuma, aliniomba nimpeleke dukani akanunue kamba na vigingi.

Wiki mbili baadaye nilipita kwa dada yangu kumpelekea mbegu ya maharagwe. Nyuma ya jikoni, mahali palipokuwa na magugu tu, palikuwa na tuta lililochimbwa kwa kina maradufu, limepimwa kwa kamba, kando yake rundo la mboji lililofunikwa kwa nyasi. Mpwa wangu alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja ndani ya rundo, mwingine ukiandika. Nilipomsalimu, hakuinua kichwa.

"Ngoja kidogo, Mjomba. Nasikiliza joto."

Nilitazama saa yangu. Ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika chache. Nikavuta kigoda, nikaketi, nikamngoja.